Jinsi ya Kuchora Picha Zinazotokana na Dansi na Muziki

Wengi wanaotaka kuchora muziki huanza na gitaa, na wanaotaka kuchora dansi huanza na mguu ulioinuliwa juu. Picha inakamilika ikiwa imejaa watu na ala, lakini imetulia tuli. Hakuna kinachocheza ndani yake, kwa sababu mdundo haukai kwenye kitu kilichochorwa. Unakaa kwenye nafasi iliyopo kati ya kitu kimoja na kingine, na kwenye uzito wa mkono ulioviweka pale.

Piet Mondrian alipochora Broadway Boogie Woogie mwaka 1942 na 1943, hakuweka piano wala mchezaji hata mmoja. Aliweka njia za manjano, akazikatiza kwa vipande vidogo vyekundu, vya bluu na vya kijivu, na jicho linajikuta likirukaruka kutoka kipande hadi kipande. Henri Matisse naye, kwenye picha yake ya Dansi ya 1910, alichora watu watano walioshikana mikono kwenye duara, kisha akaacha mkono wa mchezaji wa mbele usiufikie wa yule wa kushoto. Pengo lile dogo ndilo linalolivuta duara zima lizunguke. Funika pengo hilo kwa kidole kwenye nakala yoyote ya picha hiyo, uone jinsi mzunguko unavyopungua nguvu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mchoraji wa aina hii ni kupanga mapengo. Mambo mengine yote yaliyomo humu, kuanzia karatasi hadi vanishi, yanalitumikia hilo.

Sikiliza ukiwa na kalamu mkononi

Chagua muziki mmoja wa dakika 3 hadi 6. Kama ndiyo kwanza unaanza, uwe wa ala tupu, bila maneno. Maneno yakiwepo, mkono huacha kufuata sauti ukaanza kusimulia kisa cha wimbo, na unachopata ni kielelezo cha mashairi.

Usikilizaji wa kwanza ni wa kutafuta mwendo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukihesabu 22, muziki huo unakwenda mapigo 88 kwa dakika. Namba hii si ya kujifurahisha, kwani ndiyo itakayokuambia utumie kiungo gani cha mkono. Muziki ulio chini ya mapigo 80 hivi unakupa muda wa kuvuta mstari mrefu kutoka begani. Kati ya 80 na 120 unafanya kazi kwa kiwiko. Ukipita 120, kila pigo lina nusu sekunde au pungufu, na hapo hata kuchovya brashi hutawahi. Usikimbizane nalo. Chukua pigo la kwanza tu la kila kipimo, yaani kila kundi la mapigo linalojirudia: katika muziki wa mapigo manne manne unaokwenda 120 kwa dakika, hiyo ni mara moja kila sekunde 2, na mkono unaimudu vizuri.

Usikilizaji wa pili ni wa kuchora ramani. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa sm 60 na upana wa sm 15. Muziki ukiwa wa dakika 4, kila sm 1 inabeba sekunde 4. Anza upande wa kushoto na uvute mstari mmoja usiokatika, ukipanda sauti inapojaa na kushuka inapopungua. Chombo kipya kikiingia, weka alama ya wima. Muziki ukinyamaza, hata kwa sekunde moja, inua kalamu kabisa, uache karatasi nyeupe. Sehemu hizo nyeupe zipigie duara baadaye, kwa sababu ndizo zitakazobaki wazi kwenye kanvasi.

Kuanzia usikilizaji wa tatu, fuata ala moja peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anza na besi, kisha ngoma, kisha sauti inayobeba wimbo. Kila moja ipe ukanda wake wa urefu uleule, halafu zibandike zote ukutani moja juu ya nyingine. Ukiziangalia zikiwa pamoja utaona mahali zinapokutana na mahali zinapopishana, jambo ambalo sikio peke yake halilitambui kwa urahisi.

Kumchora mchezaji asiyesimama

Hata ukikusudia picha isiyo na umbo la mtu, usiruke sehemu hii. Mkono usiojua uzito wa mwili unavyohama hutoa mistari myepesi isiyo na mashiko.

Usimwombe mchezaji asimame katika pozi. Pozi linatumia misuli kwa namna tofauti na mwendo, na mwili uliosimama unajisawazisha wakati mwili unaocheza uko njiani kuanguka na kujiokoa. Mwombe arudie kipande kifupi cha hesabu nane, tena na tena. Mzunguko wa kwanza chora alivyo kwenye hesabu ya 1, mzunguko wa pili hesabu ya 2, hivyo hivyo hadi 8. Tumia karatasi ya A2 au kubwa zaidi, kijiti cha mkaa, na usimame wima ukiwa umeinyoosha karatasi ukutani au kwenye ubao. Kila mchoro usizidi sekunde 30. Mistari mitano au sita inatosha.

Mpangilio wa mistari hiyo ni muhimu. Wa kwanza ni mstari wa uzito: kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo, teremsha mstari wima hadi sakafuni, uone unaangukia wapi ukilinganisha na mguu uliobeba mwili. Ukiangukia juu ya mguu huo, mtu amesimama. Ukiangukia nje, anasafiri. Mstari wa pili unapita mabegani, wa tatu unapita nyongani. Uzito ukiwa mguu mmoja, mistari hii miwili mara nyingi huinama kinyume, na kadiri pembe kati yake inavyopanuka ndivyo mwili unavyoonekana kuwa na nguvu ya ndani. Baada ya hapo weka mguu uliobeba, kisha mikono. Kichwa kiache mwisho, kwani ukikianza utajikuta umeingia kwenye uso na sekunde zimekwisha.

Angalia kwa makini mtu anapotua baada ya kuruka. Vidole vya mguu vinagusa kwanza, kisigino kinafuata, goti linakunjika, nyonga inazama. Wakati nyonga inaendelea kushuka, upindo wa nguo bado unapanda, na nywele ziko hewani. Kwa kitambo kidogo mwili mmoja una pande mbili, nusu inashuka na nusu inapaa. Hapo ndipo pa kuchora. Kilele cha mruko, ambacho kila mtu hukikimbilia, ndicho kitambo ambacho mwendo wa kupanda umeisha na wa kushuka haujaanza, na ndiyo maana picha nyingi za watu walioruka huonekana kama watu walioning'inizwa.

Kama unatumia video, icheze kwa nusu ya kasi na uchore ikiwa inaendelea. Usiisimamishe. Picha iliyosimamishwa inakupa kila kiungo kwa ukali uleule, na jicho la binadamu halimwoni mchezaji hivyo: linaushika mguu uliotua na kuacha mkono unaopita upotee kidogo. Unapohamishia rangi, fanya vivyo hivyo. Kingo za kiungo kilichobeba uzito ziwe kali, za kiungo kinachosafiri zifutike. Na mchezaji aombwe ruhusa kabla, hasa kama atatambulika kwenye picha ya kuuzwa. Picha za mnato ulizozikuta mtandaoni zina mwenyewe, hivyo zitumie kujifunzia tu.

Vifaa na vipimo

Karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi A2, ndiyo ya mazoezi. Kazi yenyewe inahitaji kanvasi isiyopungua sm 100 kwa 120, kwa sababu mpigo wa kutoka begani haupati nafasi kwenye kitu kidogo zaidi. Ukichora dansi kwenye sm 30 kwa 40 unatumia kifundo cha mkono tu, na kifundo kinajua kuandika zaidi kuliko kucheza.

Nunua kanvasi ya pamba ya gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba, ikiwa bado haijafungwa kwenye fremu. Ifunge ukutani au kwenye ubao bapa kwa stepla, ukiacha ukingo wa sm 8 kila upande kwa ajili ya kuifunga kwenye fremu baadaye. Kanvasi iliyokwisha kufungwa kwenye fremu haifai kwa mapigo mazito: inalegea, inadunda chini ya brashi, na ukibonyeza kwa nguvu mbao za nyuma zinaacha alama ya mstari mbele ambayo haifutiki.

Paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayotayarisha kanvasi kupokea rangi, tabaka tatu. La kwanza lizimue, sehemu 4 za jeso kwa 1 ya maji, ili lizame kwenye nyuzi. Mengine mawili yaende bila maji. Acha kila tabaka likauke kabisa, saa moja au zaidi kulingana na unyevu wa hewa, na piga msasa laini namba 220 kati ya tabaka la pili na la tatu. Baada ya hapo paka rangi ya chini ya wastani, si nyeupe wala si nyeusi: oka ya njano (manjano ya udongo) iliyochanganywa na nyeupe inafaa. Kanvasi nyeupe inatisha mkono, na pia inafanya kila doa lionekane jeusi kuliko lilivyo, hivyo ukadiriaji wa mwanga na giza unapotoka tangu mwanzo.

Rangi ya akriliki ndiyo tunayoipendekeza kwa kazi ya tabaka nyingi, kwa sababu tabaka jembamba hukauka kwa dakika 10 hadi 30 na unaweza kurudi kwenye muziki ukiwa bado na joto lake. Rangi ya mafuta ni tamu kwa muziki wa polepole, kingo zake hukubali kusuguliwa na kuyeyushana, lakini tabaka moja linaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuguswa. Ukiitumia, kumbuka kwamba tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini. La chini likiwa na mafuta zaidi litaendelea kusinyaa na kusogea baada ya la juu kukakamaa, na la juu litapasuka.

Brashi tatu zinatosha: bapa ya milimita 75, bapa ya milimita 25, na moja nyembamba yenye manyoya marefu. Hiyo nyembamba ifunge kwenye fimbo ya sm 60 hadi 90. Matisse, alipokuwa akiandaa dansi kubwa ya ukutani kwa taasisi ya Barnes nchini Marekani kati ya 1930 na 1933, alifunga mkaa kwenye ufito mrefu wa mwanzi. Fimbo inauondolea mkono ujanja wake. Kifundo hakiwezi tena kurembesha, na mstari unatoka kwenye mguu na kiuno, mahali ambapo dansi yenyewe hutoka. Katika kazi hiyohiyo alitumia vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi, akivibandika kwa pini na kuvihamisha hadi mpangilio ukae sawa, mbinu ambayo bado ni bora kuliko zote kwa kujaribu mapengo kabla ya kupaka. Kuna somo jingine chungu hapo: vipimo vya ukuta alivyotumia vilikuwa na makosa, na ilimlazimu aanze upya. Pima mara mbili.

Andaa bakuli tatu za unene tofauti. Ya kwanza ni nyepesi: rangi sehemu 1, kimiminika cha akriliki (kile kisicho na rangi, cha kuchanganyia) sehemu 1, maji sehemu 1. Ya pili ni rangi na kimiminika nusu kwa nusu. Ya tatu ni rangi tupu, ikibidi na jeli ya kuinenepesha. Kwa kanvasi ya sm 100 kwa 120, mililita 200 za mchanganyiko mwepesi zinatosha tabaka la kwanza, na mililita 60 hadi 80 za ile nzito zinatosha mapigo ya ngoma. Usizimue kwa maji matupu kupita kiasi. Gundi iliyomo ndani ya akriliki ikitawanyika sana haiwezi tena kushika chembe za rangi, na tabaka likikauka linatoka kwenye kidole kama vumbi.

Kugeuza mapigo kuwa sentimita

Hii ndiyo sehemu inayotenganisha picha inayocheza na picha yenye madoa mengi, na inastahili subira.

Muziki hupima muda, kanvasi hupima urefu. Chukua upana wa sm 120 kuwa kipimo kimoja kamili cha muziki. Mapigo manne yaliyo sawa yataangukia sm 0, 30, 60 na 90. Weka alama hizo kwa chaki nyeupe juu ya rangi ya chini iliyokauka, kwani inafutika kwa kitambaa chenye unyevu. Mkaa usiutumie hapa: unachanganyika na akriliki na kuifanya kijivu.

Ukipaka mipigo minne iliyo sawa kwenye alama hizo, utapata uzio. Ni sawasawa, haukosei, na hauchezi. Sasa ongeza mdundo wa pili wa mapigo matatu juu ya uleule upana: sm 0, 40 na 80. Tazama kinachotokea ukizisoma alama zote pamoja kutoka kushoto: 0, 30, 40, 60, 80, 90, kisha 120, ambapo kipimo kinaanza tena. Nafasi kati yake ni sm 30, 10, 20, 20, 10, 30. Kutoka kwenye midundo miwili iliyonyooka kabisa umepata mpangilio unaobanana, unaachia, unabanana tena, unaachia. Ni hesabu ileile ambayo wapiga ngoma huifanya kwa mikono miwili, matatu upande mmoja na manne upande wa pili, na mwili wa msikilizaji huyumba kwa sababu haujui uufuate upi.

Ipe midundo hiyo sura tofauti, la sivyo jicho litaona madoa sita yaliyotawanyika. Mipigo ya mdundo wa mapigo manne iwe mipana, myeusi, iliyopakwa kwa brashi ya milimita 75 kwenda chini. Ya mdundo wa mapigo matatu iwe mifupi, yenye mwanga, ya brashi ya milimita 25, na ikae juu zaidi kwenye kanvasi. Zinapokutana, sm 0 tu, ndipo uweke uzito mkubwa kuliko wote.

Kuchelewesha pigo nako kunapangwa. Katika muziki mwingi wa dansi, utamu uko kwenye pigo linalokuja nyuma kidogo ya pale unapolitarajia. Weka mpigo sm 2 au 3 baada ya alama yake, si juu ya alama. Fanya hivyo kwa pigo moja au mawili katika kila manne. Ukichelewesha yote, umehamisha uzio tu, kwa sababu kuchelewa kunaonekana pale tu ambapo kuna kilichowahi.

Mwito na kiitikio vinafanya kazi kwa njia nyingine. Umbo lililopigwa kushoto lijibiwe kulia kwa umbo lenye undugu nalo, dogo zaidi au lililopinduliwa, na kati yao paachwe pengo lisilopungua upana wa umbo la kwanza. Pengo likijazwa, jibu linageuka kuwa mwendelezo na mazungumzo yanakufa.

Kuhusu rangi, kwa ufupi

Mchoraji Wassily Kandinsky alifananisha bluu nyepesi na filimbi, bluu iliyokolea na selo, na manjano na tarumbeta. Ni mfano mzuri wa mtu aliyejitengenezea mfumo wake, lakini si sheria. Sikio lako linaweza kuisikia tarumbeta ikiwa nyekundu. Muhimu ni kuamua kabla ya kuanza, kuandika orodha, na kutoibadilisha katikati.

Rangi nne na nyeupe zinatosha: bluu ya ultramarini, nyekundu ya kadimiamu, oka ya njano, kahawia ya amba iliyochomwa, nyeupe ya titani. Dansi ya Matisse inasimama kwa bluu, kijani na nyekundu tu. Kinachobeba sauti zaidi kuliko jina la rangi ni mwanga na giza: besi ikae kwenye maeneo makubwa meusi, wimbo kwenye ya wastani, na matoazi kwenye vidoa vidogo vyenye mwanga mkali. Rangi kali kabisa, isiyochanganywa na kitu, isizidi sehemu moja ya kumi ya kanvasi. Zikizidi hapo zinaanza kufunikana kelele.

Kupaka

Cheza muziki tangu mwanzo hadi mwisho kwa kila tabaka, na kila tabaka lifuate ala moja. Muziki ukiisha, weka brashi chini hata kama mkono unataka kuendelea. Nyongeza zinazowekwa kwenye kimya baada ya muziki ndizo huua picha nyingi, maana zinafuata akili inayotaka kupamba.

Tabaka la kwanza ni besi, kwa bakuli nyepesi na brashi pana. Mpigo mmoja kwa kila kipimo, kutoka begani, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega ili uzito uweze kuhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Acha theluthi ya kanvasi bila kuguswa, ukifuata sehemu nyeupe za ramani yako. Acha likauke dakika 30.

Tabaka la pili ni ngoma, kwa bakuli nzito, likifuata alama za chaki. Piga na uinue, usisugue. Mpigo wa brashi una mwanzo mnene na mkia unaokonda, na mkia huo ndio unaoonyesha mwendo unaelekea wapi, hivyo amua uelekeo kabla ya kugusa. Mikia yote ikielekea upande mmoja picha inakimbia nje ya fremu. Geuza mmoja kati ya kila minne urudishe jicho ndani.

Tabaka la tatu ni wimbo, kwa brashi nyembamba ya kwenye fimbo na bakuli ya kati. Huu ni mstari mmoja unaopita juu ya yote, ukivunjika tu pale mwimbaji au mpulizaji anapovuta pumzi. Rangi ikiisha kwenye brashi katikati ya mstari, uache ukonde hadi upotee. Kuchovya na kuunganisha pale pale kunaacha fundo linaloonekana daima. Chovya, kisha anza pumzi inayofuata mahali pengine.

Kama picha ina mchezaji, aingie hapa, akichorwa juu ya midundo ambayo tayari iko, mguu wake uliobeba uzito ukiwa juu ya mojawapo ya alama nzito. Mchezaji anayechorwa kwanza, kisha muziki ukajazwa pembeni yake, hubaki kama mtu aliyebandikwa.

Yanayoharibika na sababu zake

Rangi kugeuka tope. Hutokea pale rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, zinapokutana zikiwa mbichi. Subiri tabaka likauke, au chagua rangi za jirani kwa tabaka zinazopishana zikiwa na unyevu. Kama tope limeshatokea, lifute kwa spachula, liache likauke, na upake juu yake rangi ya chini. Kuongeza rangi nyingine juu ya tope bichi kunazaa tope zaidi.

Picha kuonekana kama kitambaa cha mapazia. Mipigo imelingana ukubwa na nafasi kote. Funika theluthi moja ya mipigo kwa rangi ya chini, ukianza na ile iliyo katikati kabisa.

Picha kupiga kelele mfululizo. Hakuna kimya. Rudi kwenye ramani, tafuta duara la kwanza ulilochora, na ufungue eneo hilo hata kama lina mpigo unaoupenda.

Jeso au rangi kupasuka nyufa ndogo. Mara nyingi ni tabaka nene lililokaushwa haraka kwa feni au jua. Juu hukauka na kusinyaa wakati chini bado ni majimaji.

Kwa wanaofanya kazi sakafuni kwa miguu, kama Kazuo Shiraga wa Japani aliyepaka kwa nyayo huku akining'inia kwenye kamba, usalama unakuja kwanza. Kanvasi ibanwe kingo zote kwa selotepu ya karatasi, na usitandike plastiki mahali utakapokanyaga, kwa kuwa rangi mbichi juu yake huteleza vibaya. Usitumie rangi zenye kadimiamu, kobalti au risasi kwenye ngozi, na usizipige msasa zikiwa kavu. Matambara yenye mafuta ya kitani yanaweza kujiwasha moto yenyewe yakirundikwa, maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka. Yatandaze nje moja moja, au yatie kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko.

Kukagua na kumalizia

Zima muziki. Ondoka chumbani angalau saa moja, kisha rudi uitazame picha kwenye kioo, na baadaye ikiwa imepinduliwa juu chini. Piga picha kwa simu na uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe: kama midundo inapotea, ulikuwa umetegemea majina ya rangi na kusahau mwanga na giza. Mwombe mtu asiyeujua muziki huo agonge meza akifuata anachokiona. Si lazima agonge wimbo uleule. Akigonga sawasawa bila kubadilika, rudi kwenye mapengo. Akisita, akaharakisha, akasubiri, picha inafanya kazi.

Kuifunga kwenye fremu, anza katikati ya kila upande, pini moja moja ukivuta kwa upande wa pili, kisha sogea kuelekea pembeni kila sm 4 au 5. Ikilegea baadaye, gonga kidogo kidogo kabari za mbao zilizo kwenye pembe za fremu; usivute upya. Kazi ya akriliki isubiri wiki 2 kabla ya vanishi. Ya mafuta isubiri miezi 6 hadi 12 kulingana na unene, kwani vanishi juu ya mafuta yasiyokauka huzama, hunata na kushika vumbi. Vanishi isiyong'aa inafaa zaidi kwa picha zenye mipigo mizito, maana mng'ao hukata mikia ya brashi kwa mwanga unaorudi.

Kama utapaka mbele ya watu huku bendi ikipiga na mchezaji akicheza, kubaliana nao mapema muda kamili na ishara ya mwisho, na uwe umekwisha paka tabaka la besi siku iliyotangulia. Dakika 20 za jukwaani hazitoshi kukausha tabaka tatu. Simama pembeni ya kanvasi ili watazamaji waione, brashi ya fimbo itakusaidia hapo pia. Chagua bakuli mbili tu, moja ya ngoma na moja ya wimbo. Mchezaji ndiye anayeongoza, nawe unamjibu pigo moja nyuma; ukijaribu kwenda naye sambamba utakuwa unakisia, na kukisia kunaonekana.

Nyuma ya kanvasi andika kwa penseli jina lako, mwaka, aina ya rangi na vanishi, na mwendo wa muziki kwa mapigo kwa dakika. Zile kanda za karatasi za ramani zihifadhi kwenye bahasha pamoja na picha, kwa sababu ukitaka kuirekebisha au kuichora tena kwa ukubwa mwingine, utazihitaji kabla ya kitu kingine chochote.